Mpinzani wa Zamu wa Nchi ya Sawia

Sauti ilitangulia nchi. Badi alikuwa bado ndani ya ukungu wa mlimani, haoni hata vidole vya miguu yake mwenyewe, aliposikia kitu kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Ilianza kwa vikohozi vya haraka vilivyofuatana bila nafasi ya pumzi, ikaishia kwa mvuto mmoja mrefu wa hewa, huuup, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Kikapita kimya. Kisha ikaanza tena.

Alifurahi. Kwa Badi, kila kitu kigeni kilikuwa ubeti ambao haujapata mtunzi. Hakuwa na mwalimu; ushairi alijifundisha mwenyewe kwa kugonga vidole pajani mpaka mizani ikakaa sawa, na kwao wazee wa ngoma walimwambia akae nyuma asikilize wenye vina vya urithi. Hakukaa. Alifunga mzigo wake akaondoka, akiapa kwamba ipo nchi itakayomsikiliza. Sasa nchi hiyo ilikuwa mbele yake, na jogoo wake alikuwa na sauti ya ajabu. Akaanza kutunga. Alikuwa amefika mshororo wa pili ukungu ulipopasuka.

Hapakuwa na jogoo. Palikuwa na mwanamume ameketi kizingitini mwa nyumba, amemlaza mtoto mchanga kifudifudi juu ya mkono wake, na uso wa mtoto ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Mtoto alivuta hewa, huuup, akatapika maziwa kidogo, akalala kama nguo iliyokamuliwa.

"Shika upande wa pili wa njia, mgeni," mwanamume alisema bila kuinua kichwa. "Hiki ni kifaduro. Usije ukakipeleka kwa wenzio."

Mshororo wa pili ukamfia Badi mdomoni.

Nyumba ya pili ilikuwa imeegemea ya kwanza, ukuta ukiwa mmoja, maana katika nchi ya Sawia hakuna nyumba inayojengwa peke yake. Nyumba isiyo na mwenzake wa kuitazama upande wa pili wa ukuta huonwa kuwa ina kiburi. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alimtazama Badi, akatazama vumbi la miguu yake, kisha akapaza sauti njiani.

"Nataka kumkaribisha huyu. Nani anapinga?"

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya mbuzi alisimama. "Napinga. Ana miguu michafu."

"Ahsante, baba." Mzee akaenda zake. "Haya, karibu ndani. Mimi naitwa Mwatime. Huyu mgongoni ni Zuwena."

"Dada, mbona amepinga na bado nakaribishwa?" Badi aliuliza.

"Asingepinga ningekukaribishaje?"

Badi akanawa miguu.

Alielewa kidogo kidogo, na hata hayo machache alikuwa hana hakika nayo. Sheria kuu ya Sawia ni moja: jambo lisilo na mpinzani halifanywi. Chanzo chake kilikuwa chema. Zamani walitawaliwa na mtu aliyezungukwa na waitikiaji, akasema mto ugeuzwe, wakaitikia, mto ukageuzwa, nusu ya nchi ikawa jangwa na nusu kinamasi. Walipomwondoa waliapa kwamba hakuna litakaloamuliwa tena kwa sauti moja. Basi harusi ina mpinzani wake. Kisima kina mpinzani wake. Mzee mmoja aliyefariki alikaa hazikwi mpaka watu wakaanza kuziba pua, kwa kuwa mpinzani alikuwa na mafua na sauti haikutoka. Na kwa kuwa si kila siku anapatikana mtu mwenye nia mbaya ya kutosha, serikali imeajiri Mpinzani wa Zamu.

"Ndiye yule pale kizingitini," Bi Mwatime alisema, akikuna nazi. "Bwana Chande, jirani yangu. Amepinga kila kitu katika mji huu. Harusi yake mwenyewe aliipinga yeye, zamu ilimwangukia."

"Mkewe alisema nini?"

"Alimjibu vizuri. Mpaka leo anamjibu."

Nyuma ya ukuta mtoto wa Chande alikohoa. Bi Mwatime aliacha kukuna mpaka ule mvuto wa hewa uliposikika, kisha mkono ukaendelea. Badi aliona kwamba alikuwa akifanya hivyo bila kujijua, kama mtu anayesimama akisikia jina lake.

"Leo Tabibu analeta sanduku la barafu," alisema. "Ndani mna chanjo ya kifaduro. Msimu wa mvua daraja lilikatika, hakufika, ndiyo maana kimeingia. Kikimpata mkubwa kitamchosha miezi. Kikimpata wa umri huu," akanyoosha kidole nyuma, kwa Zuwena, "hakimchoshi. Kinamchukua. Amefikia umri wa chanjo ya kwanza, na ukuta wetu ndio huo unaousikia."

"Basi mpeleke."

"Lazima kuwe na mjadala kwanza. Na mjadala lazima uwe na mpinzani. Na mpinzani yuko kizingitini na mtoto mkononi." Alifuta mikono. "Wewe umesema ni mshairi."

"Ni mshairi," alisema Badi, akikaa wima.

"Sheria inaruhusu mgeni kushika zamu. Simama upinge. Pinga kidogo tu, mdogo wangu, kiasi cha kuandikwa kuwa umepinga. Kisha ushindwe, chanjo ipite. Utanifanyia?"

"Na kwa nini usiseme wewe? Mtoto ni wako."

Bi Mwatime alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama haruhusiwi kusema juu ya mwanawe. Hana pande mbili."

Badi alikubali. Alikubali kwa moyo mweupe, na hilo lieleweke: alitoka katika nyumba ile akiwa na nia ya kushindwa. Njiani alichagua hata vina vibovu atakavyotumia.

Uwanja wa mjadala ulikuwa na kitu ambacho alikuwa hajapata kukiona. Juu ya jiwe kubwa la mgongo wa kobe walikuwa wamelaza ubao mrefu wa mvule, na kila ncha ya ubao ilikuwa na jukwaa. Wasikilizaji hukaa chini. Msemaji akiisha kusema, anayeridhika hupanda jukwaa la upande wake, na upande utakaogusa ardhi ndio wenye haki. Kwa sababu hiyo watu wanene wa Sawia hualikwa karamu na kila mwenye hoja. Mnene kuliko wote, mzee mcheshi waliyemwita Kilo kwa heshima, alikuwa ameketishwa mbele juu ya mkeka wake peke yake. Kina mama wenye watoto wachanga walikaa nyuma ya kamba, hawaruhusiwi kusema wala kupanda. Kina baba nao hawaruhusiwi, ila mara nyingi husahau, na anayewakumbusha hayupo.

Mwenye kusimamia yote aliitwa Msawazishi. Alikuwa mtu mpole wa makamo ambaye kila alipotikisa kichwa kukubali alikitikisa tena kukataa, ili asije akasemwa.

"Tuna sanduku," alisema. "Tuna Tabibu Nuhu wa kulitetea. Tuna mpinzani?"

"Yupo," alisema Badi.

"Ahsante kwa kuja. Ingawa ungeweza pia kutokuja."

Tabibu Nuhu alisema kwanza. Alikuwa amevaa koti jeupe lenye kola iliyopigwa pasi mpaka ikakata, naye alisema akiwa ametazama juu ya vichwa vya watu. Alisema kuhusu bakteria, na namna wanavyoganda kwenye njia ya hewa, na mwili unavyofundishwa kuwatambua kabla hawajaja, na yote aliyosema yalikuwa kweli, na hakuna neno hata moja lililokuwa na mtu ndani yake. Watu walipiga miayo. Kilo alisinzia. Badi alihisi huruma: huyu akishindana na mpinzani mbovu kuliko wote duniani, bado patakuwa na mashaka.

Hapo ndipo Tabibu, kabla ya kukaa, alipogeuka. "Nasikia Chande hayupo, na nafasi yake imeshikwa na kijana wa mashairi ya kuokota njiani. Sina la kuongeza. Jitu lisilo na mwalimu litapinga nini?"

Watu wakacheka. Ni kicheko kidogo, cha watu waliochoka kukaa. Lakini Badi alikijua. Ndicho kile kile cha wazee wa ngoma walipomwambia akae nyuma. Damu ilipanda ikafika masikioni, na vina vibovu alivyovichagua njiani vikamponyoka kama kuku aliyefunguliwa kamba. Alipanda juu ya jiwe. Alipofungua kinywa hakujua atasema nini, na kilichotoka kilikuwa kitu bora kuliko vyote alivyowahi kutunga:

Mtoto yu mapajani, acheka bila ubaya,
Hana joto maungoni, wala hana la kugwaya,
Sindano ya kazi gani, kumchoma bila haya?
Nyumba isiyo motoni, nani maji humwagiya?

Vichwa vikainuka uwanjani. Kisha mtu akarudia mshororo wa mwisho polepole, kama anayeonja. Mwingine akaurudia. Kilo aliamka, akasema, "Hee. Kweli, nani?" akajizoa kutoka mkekani, akapanda jukwaa la Badi, na ubao ukashuka kwa kishindo kilichorusha vumbi mpaka nyuma ya kamba. Baada ya Kilo wakaja wengine wakikimbia, maana kila mtu hupenda kuwa upande ambao tayari umefika chini.

"Chanjo imeshindwa," Msawazishi alisema, akakubali kwa kichwa, akakataa kwa kichwa. "Sanduku lirudi lilikotoka. Lisije mpaka mwaka mwingine. Na kwa desturi, ubeti wa mshindi utaimbwa milangoni mwaka mzima."

Watu walimbeba Badi. Yeye aliyeambiwa maisha yake yote akae nyuma alikuwa juu ya mabega ya watu, na watoto wakubwa walikuwa wameshaupatia ubeti wake sauti ya kurukia kamba. Alikuwa na furaha ya kweli, mpaka macho yake yalipopita juu ya ile kamba ya kina mama. Bi Mwatime alikuwa akimfunga Zuwena mgongoni, akivuta kanga, akifunga fundo, akilifungua, akilifunga upya.

Alimfuata nyumbani. Alikuta chakula kimepakuliwa, maana katika nchi ile mgeni halali njaa kwa kosa lolote.

"Kula," alisema Bi Mwatime.

"Dada, sikukusudia."

"Najua. Kula."

"Alinitukana mbele ya watu. Ningefanya nini?"

"Ungetukanwa," alisema Bi Mwatime, na hakuwa na hasira; alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni kisima kilipo.

Badi alimega tonge. Alijaribu kuielewa hali yake. Amefanya kazi aliyoombwa, kupinga. Ameifanya vizuri kuliko aliyeajiriwa. Ameheshimiwa na nchi nzima kwa siku moja. Iweje basi chakula kimeshindwa kupita? Alisikiliza ukuta, akasikia jambo la kumpa faraja.

"Sikiliza," alisema. "Mtoto wa Chande ameacha kukohoa. Amepata nafuu."

Bi Mwatime aliinua kichwa. Rangi ilimtoka usoni. "Watoto wadogo wakiacha kukohoa si nafuu," alisema, na tayari alikuwa ameshafika ukutani, anaupiga kwa viganja viwili. "Chande! Mgeuze! Mgeuze, msugue mgongo! Chande!" Kisha kwa Badi, "Nenda. Mimi nina mtoto siwezi kuingia. Nenda."

Badi alikwenda. Alimkuta Chande amepiga magoti, mtoto kalala mkononi, buluu mpaka kwenye kucha, mdomo wazi, na hakuna sauti. Mkewe alikuwa amesimama pembeni ameshika mswaki wa mtoto wao mkubwa, hajui kwa nini ameushika. Chande alimgeuza mtoto, akamsugua mgongo, akampiga nyayo, akampulizia puani na mdomoni pumzi ndogo ndogo. Ilichukua muda ambao Badi hakuweza kuupima, ingawa maisha yake yote alikuwa mtu wa kupima. Kisha mtoto akashtuka. Akavuta hewa, huuup, ile sauti mbaya aliyoidhania ya jogoo, na Badi alijikuta amekaa chini sakafuni kwa shukrani ya kuisikia.

Tabibu aliitwa, akaja mbio na koti lake, akampa mtoto dawa bila mjadala. Dawa ya aliyekwisha ugua haihitaji mjadala katika Sawia, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huhesabiwa kuwa ndio mpinzani. Ni anayetaka kuzuia ambaye lazima atafute wa kumpinga. Badi aliposikia sheria hiyo aliomba irudiwe, ikarudiwa, na bado hakuielewa.

"Nimesikia ulishinda," Chande alimwambia walipokuwa nje. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti iliyokwaruzika. "Pole."

"Unanipa pole?"

"Miaka yote hii nimepinga sanduku lile na sijawahi kushinda. Unadhani ni kwa kutojua kusema?" Alicheka bila furaha. "Kijana, kazi yangu ni kuuliza anachokiogopa yule mama wa nyuma ya kamba asiyeruhusiwa kuuliza. Mtoto atapata homa? Tabibu anajibu, ndiyo, kidogo, itapita. Paja litavimba? Litavimba, weka kitambaa chenye maji. Mbona lazima arudie mara tatu? Kwa sababu mwili ni kama mwanafunzi, somo moja halitoshi. Namkaba mpaka anashuka kutoka kule juu anakotazama na kusema na watu. Akishajibu yote, naketi. Nimeshindwa. Watu wanakwenda kwenye sanduku na mioyo imetulia." Alitazama mlango wa nyumba yake. "Wewe hukuuliza kitu. Uliuliza swali ambalo hukutaka lijibiwe."

Hasira ya kutaka kujibu ilimjia Badi. Haikupata la kusimamia.

"Hukumu hupingwaje hapa?" aliuliza.

"Hukumu nayo ni jambo, na jambo lisilo na mpinzani halifanywi. Inaweza kupingwa jua halijatua. Lakini haipingwi. Nani atasimama dhidi ya ubeti unaoimbwa hivi?" Na kweli, kutoka njiani ulisikika, nani maji humwagiya, na kamba ikigonga vumbi. "Labda aliyeutunga. Na akifanya hivyo, ubeti unafutwa. Desturi ni kwamba hautatajwa tena, wala jina lake kwenye ushairi wa nchi hii."

Badi aliusikiliza ukiimbwa. Ulikuwa ubeti mzuri. Alijua, kama mama anavyojua, kwamba hatapata mwingine wa namna ile upesi. Kisha akaenda uwanjani.

Tabibu alikuwa anafunga kamba za sanduku juu ya punda. Msawazishi alipoambiwa kwamba mshindi amekuja kumpinga mshindi, alikubali, akakataa, na kwa mara ya kwanza alionekana kuchanganyikiwa kuliko Badi. "Haijapata kutokea," alisema. "Ingawa haijakatazwa kutokea." Watu wakaitwa tena, wakaja wakiwa na hamu, wakitarajia ubeti wa pili.

"Asubuhi niliimba," Badi alisema kutoka juu ya jiwe. "Sasa nitasema, kwa hiyo mtachoka. Niliwauliza nani humwagia maji nyumba isiyo motoni. Nilidhani ni swali lisilo na jibu, ndiyo maana nililipenda. Jibu lake ni jirani wa nyumba inayowaka. Nyumba ya Chande inawaka. Kila nyumba yenu imeegemea nyingine."

"Haina vina," mtu alisema.

"Haina."

"Na mizani?"

"Haina mizani. Nimetoka kwa Chande. Mtoto alinyamaza nikadhani amepona. Mimi ndiye niliyewafundisha asubuhi kwamba asiyelia hana ugonjwa, na mchana nikamsikia mtoto hakohoi nikasema ni nafuu. Alikuwa hana pumzi. Mtoto wa mapajani niliyemwimba ndiye huyo huyo, siku chache kabla." Alimgeukia Tabibu. "Tabibu huyu alinitukana, na sindano ya Tabibu haikunitukana. Nilichanganya vitu hivyo viwili. Mnisamehe, au msinisamehe, lakini msilifukuze sanduku kwa sababu yangu. Nimemaliza."

Ilikuwa hotuba mbaya. Kila mtu aliona hivyo. Mtu mmoja alianza kuondoka.

"Mwacheni," alisema Kilo kutoka mkekani. "Kitu kikisemwa vibaya hivyo, huenda ni kweli." Akajikusanya, akasimama, akatazama jukwaa la asubuhi na jukwaa la pili, akapumua. "Mjukuu wangu yuko nyuma ya ile kamba," alisema kama anayejieleza kwa magoti yake, akapanda upande wa pili.

Ubao ukainuka. Wengine wakapanda huku, wengine wakarudi kule kwenye ubeti. Ubao ulipanda, ukashuka, ukatetemeka, ukasimama wenyewe katikati, hauelekei kokote.

Uso wa Msawazishi ukang'aa. "Sawa kwa sawa," alisema kwa sauti ya mtu anayeona kitu alichokisikia kwa babu. "Hukumu nzuri kuliko zote. Jambo lililolingana huachwa langoni mwa mji. Sanduku litakaa langoni mpaka barafu iyeyuke. Anayetaka aende, asiyetaka asiende, na asilaumiwe yeyote, ingawa anaweza kulaumiwa."

"Kwa hiyo nimeshinda au nimeshindwa?" Badi aliuliza.

"Umesawazika, mwanangu."

Langoni palikuwa na watu, lakini si wengi. Tabibu Nuhu alikuwa amevua koti, maana jua lilikuwa kali, na bila koti alisema na kina mama kwa sauti ya kawaida. Badi alisimama mbali, upande wa pili wa njia, kama alivyoagizwa. Alikuwa ametoka kwenye nyumba ya kifaduro, na Bi Mwatime alikuwa amemwonya asisogee karibu na mtoto yeyote. Alimwona Zuwena akichomwa paja. Alimwona akishangaa kwanza, kisha akakumbuka kulia, kilio cha ghadhabu, cha mapafu mazima. Bi Mwatime alikuwa akicheka na kufuta macho kwa pembe ya kanga.

Nyuma ya Badi kulikuwa na nyumba iliyofungwa mlango. Ndani mwanamke alikuwa akimbembeleza mtoto wake, na wimbo aliombembelezea, taratibu na kwa mapenzi, ulikuwa ule. Mtoto yu mapajani. Ubeti ulikuwa umeshafutwa kwa sheria, na sheria haikuwa imefika ndani ya mlango ule. Badi alibisha. Wimbo ukakoma. Alisema aliyetunga alikuwa amekosea, kwamba sanduku lipo hapo hapo langoni, barafu bado ipo. Hakufunguliwa. Baada ya muda wimbo ukaanza tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Bi Mwatime alivuka mpaka katikati ya njia, akasimama hapo, asije karibu.

"Tabibu anasema mwezi ujao arudie," alisema. "Na mwezi wa baada yake. Na kila mara kuna mjadala."

"Nimesikia."

"Chande anasema hatapinga tena maishani mwake. Amesema atalima." Alimtikisa Zuwena aliyekuwa bado ananung'unika. "Bila mpinzani hakuna mjadala. Bila mjadala hakuna sanduku. Na wewe unaondoka zako na mashairi yako."

"Jina langu limeshafutwa kwenye mashairi ya hapa."

"La upinzani halijafutwa."

Chande, aliyekuwa amekaa kizingitini kwake mbali kule na mtoto aliyelala kwa dawa, aliinua sauti yake iliyokwaruzika. "Ukitaka kumwahidi kitu, ahidi kwa sauti. Mimi nitapinga, ili kiwe halali. Na uwe upinzani wangu wa mwisho."

Badi alijaza kifua pumzi. Alikuwa hajui bado kama amefika nchi ya wenye hekima au ya wendawazimu, wala kama barafu ingetosha mpaka mlango ule ufunguke. Maneno hayakuwa na vina, na ilimuuma kidogo.

"Mwezi ujao nitakuwa hapa, dada," alisema, kwa sauti ya kufika nyumba zote mbili za ukuta mmoja na ule mlango uliofungwa nyuma yake. "Nitasimama juu ya jiwe, nitamuuliza Tabibu kila kitu mnachokiogopa, mpaka ashuke ajibu."

"Napinga," Chande aliita. "Watakucheka, nawe utawashinda tena. Nakujua."

"Watanicheka," Badi alisema, akimtazama Bi Mwatime. "Nami nitashindwa. Mwezi ule, na wa baada yake. Nakuahidi, Bi Mwatime, nitashindwa mbele ya watu wote."